Ugonjwa unaolala ndani ya mgomba



Katika vikundi vya akina mama, kuanzia Suneka hadi Ekerenyo, kuna swali moja linalorudi tena na tena. Mtu amejinyima, amenunua miche ya migomba iliyotoka maabara, ile inayoitwa ya tishu kalcha, na akaambiwa ni safi haina ugonjwa. Ameipanda vizuri, ametia mbolea ya ng'ombe. Kiangazi kinaingia, na majani yanaanza kutoa michirizi ya manjano ambayo baadaye inageuka kahawia, hata nyeusi. Mikungu inatoka midogo. Je, alidanganywa? Wengine hawaulizi hata. Wanamtazama jirani kwa jicho baya, na hapo maneno ya uchawi yanaanza. Huku kwetu Gusii maneno kama hayo yameua watu, kwa hivyo tumeona afadhali tulieleze jambo hili mpaka ndani kabisa, hata kama litatupeleka mbali kidogo na shamba.

Jibu fupi ni hili: inawezekana kabisa muuzaji hakudanganya, na jirani hana hatia. Kuna migomba ambayo ugonjwa huo umo ndani yake tangu kabla babu wa babu zetu hawajazaliwa. Umelala tu. Kinachouamsha ni kazi ileile ambayo kila kiumbe hai hutumia kujitengeneza kinapoumia.

KITABU CHENYE NAKALA MBILI

Kila chembe hai, yaani seli, ina maagizo yake yaliyoandikwa kwenye uzi mwembamba sana uitwao DNA. Uzi huo umegawanywa katika mafungu yanayoitwa kromosomu. Sisi binadamu tuna 46, nazo ni jozi 23: katika kila jozi moja imetoka kwa baba, nyingine kwa mama. Mahindi yana 20, yaani jozi 10. Kwa hivyo karibu kila agizo liko katika nakala mbili.

Chukulia rejista ya ubatizo ya parokia. Wacha tuseme nakala moja iko kanisani na nyingine imewekwa mjini. Panya wamekata ukurasa katikati. Katibu ana njia mbili. Ya kwanza ni ya haraka: anaziunganisha kingo zilizochanika kwa gundi, na jina moja au mawili yanapotea hapo kwenye mshono. Ya pili inachukua muda: anaiendea ile nakala nyingine, anatafuta ukurasa uleule, na kuandika upya yaliyoliwa. Hakuna jina linalopotea.

Seli hufanya hivyo hivyo. Uzi wa DNA hukatika kwa sababu nyingi: miale ya eksirei, kemikali, na hata shughuli za kawaida za seli yenyewe. Mara nyingine hugandishwa haraka haraka. Mara nyingine, hasa seli inapokuwa imeshanakili nyuzi zake ikijiandaa kugawanyika, protini moja iitwayo RAD51 huishika ncha iliyokatika na kuitafutia uzi wenye maneno yanayofanana nayo. Ikiupata, inanakili. Tuite kazi hii muungano wa nyuzi zinazofanana. Mtu, mgomba, wimbi, uyoga, wote wanayo. Ni muhimu kiasi kwamba mwanamke aliyerithi kasoro kwenye jeni ya BRCA1 au BRCA2, ambazo ni wasaidizi wa kazi hii, huwa katika hatari kubwa zaidi ya saratani ya matiti na ya ovari. Hayo yanastahili makala yake peke yake, hapa tuendelee na shamba.

Neno la kushika ni hili: chombo hiki kinatafuta MANENO YANAYOFANANA. Hakijui kama maneno hayo ni mema au mabaya.

KWA NINI MAHINDI HUBADILIKA

Kazi hiyohiyo ina matumizi ya pili. Mmea unapotengeneza chavua na mayai, kila kromosomu huketi karibu na mwenzake wa jozi, nyuzi hukatwa kwa makusudi, na wawili hao hubadilishana vipande. Ndiyo sababu watoto wa baba mmoja na mama mmoja hawafanani. Walioonyesha kwa macho kwamba vipande vyenyewe hubadilishana mahali walikuwa wanawake wawili wa Marekani, Harriet Creighton na Barbara McClintock, mwaka 1931. Na walitumia mahindi!

Mkulima wa Nyamira anaujua mchanganyo huu kwa uchungu wa mfukoni. Mbegu chotara ya H611, iliyotolewa Kitale mwaka 1964, ilikuwa ndoa kati ya mahindi ya Kitale na mahindi yaliyoletwa kutoka Ecuador. Ukipanda chotara mara ya kwanza, shamba linasimama vizuri. Ukirudisha mbegu ya gunia lako mwaka unaofuata, karata zimechanganywa upya: huu mrefu, ule mfupi, huu umebeba, ule hauna kitu. Si mbegu imechoka, kama wazee wanavyosema.

MGOMBA WENYE NAKALA TATU

Sasa basi, mgomba. Migomba mingi tunayokula matunda yake ina kromosomu 33, nazo si jozi. Ni mafungu 11 yenye nakala tatu tatu. Wakati wa kuketi wawili wawili unapofika, wa tatu anabaki bila mwenzake na mpango wote unavurugika. Mbegu hazifanyiki. Ndizi za mwituni kule Asia zina mbegu nyeusi ngumu za kuvunja meno. Zetu hazina, na ndiyo sababu zinalika.

Lakini raha hiyo ina gharama. Mmea usiozaa kwa mbegu hauchanganyi karata. Unapandwa kwa machipukizi, na chipukizi ni mama yuleyule aliyekatwa pembeni. Mwaka 2016 Mercy Kitavi na wenzake walichapisha uchunguzi wao wa ndizi za matoke za nyanda za juu za Afrika Mashariki. Walikuta kwamba, pamoja na majina mengi tunayozipa, zote zimetokana na mmea mmoja wa zamani. Mgomba ulio nyuma ya jikoni yako Keroka na ule wa Mbarara kule Uganda ni kama mapacha. Ugonjwa ukishajua kumshinda mmoja, umejua kuwashinda wote. Ndivyo ndizi ya Gros Michel, tunayoiita Kampala, ilivyoangamizwa na mnyauko wa ukungu katika mashamba makubwa ya Amerika ya Kati, hadi kufikia miaka ya 1960 wafanyabiashara wakaiacha na kuhamia aina ya Cavendish.

Uzazi wa migomba kwa hiyo ni kazi ya subira isiyo na mfano. Baadhi ya matoke hutoa mbegu chache sana zikipewa chavua ya ndizi ya mwituni, na kwa njia hiyo Uganda ilitoa chotara iitwayo Kiwangaazi mwaka 2010. Waliofanya kazi hiyo tunawavulia kofia.

VIRUSI NDANI YA REJISTA

Ndizi zetu zina wazee wawili wa mwituni, ambao wataalamu huwaita A na B. Matoke, Ng'ombe, Kampala na zile za Cavendish ni A tupu. Sukari ndizi, Kisubi na gonja zina damu ya B, na mara nyingi ndizi zenye B huvumilia ukame vizuri zaidi.

Zamani sana, virusi vya ugonjwa wa michirizi viliingia kwenye seli za mzee B, na vipande vya maagizo yake vikashonwa ndani ya kromosomu. Vikarithiwa. Haya yalijulikana mwaka 1999, watafiti walipoonyesha kwamba migomba isiyoambukizwa na kitu chochote kutoka nje ilitoa virusi vizima kutoka ndani yake. Vipande hivyo vimekaa ovyo, vingine vimegeuzwa juu chini, vingine vimerudiwa, kama barua ya matusi iliyochanwa na kutiwa katikati ya kurasa za rejista. Vikikaa hivyo havidhuru mtu.

Hapo ndipo kile chombo chetu cha kutafuta maneno yanayofanana kinapoingia. Maelezo waliyotoa wanasayansi ni kwamba mgomba ukisumbuliwa, ncha ya kipande kimoja inaweza kukutanishwa na maneno kama yake kwenye kipande kingine, na yaliyo katikati yakaachwa nje. Barua inasomeka tena kutoka mwanzo hadi mwisho. Virusi vinaamka. Mambo yanayousumbua mgomba ni kiangazi, mabadiliko makubwa ya joto na baridi, kuzalishwa na aina nyingine na, kumbe, hata ule ukuzaji wa maabara wenyewe.

Kwa hiyo mche wa tishu kalcha ni safi kwa maana yake. Hauna fukusi, hauna minyoo ya mizizi, hauna ukungu wa mnyauko. Mambo hayo si madogo, na sisi bado tunaupendekeza. Lakini maabara haiwezi kuosha kilichoandikwa kwenye kromosomu. Ni kama kuipangusa rejista vumbi ukitumaini majina yatabadilika. Na si kila mgomba wenye B una virusi vinavyoweza kuamka. Katika mingi vipande vimeharibika kiasi cha kutounganika tena.

Mwaka 2019 wataalamu wa taasisi ya IITA walioko Nairobi, wakiongozwa na Leena Tripathi, walitangaza kazi yao juu ya gonja moja iitwayo Gonja Manjaya. Walipeleka ndani ya seli mkasi wa kibiolojia unaokata palipoandikwa virusi tu. Mgomba ukajishona kwa ile njia ya haraka, ya gundi, na herufi zikapotea kwenye mshono. Barua ikaharibika. Waliponyima migomba hiyo maji kwa makusudi, asilimia 75 ya iliyorekebishwa haikuonyesha ugonjwa. Umeona ajabu yake? Ule ushonaji mbovu ndio uliosaidia.

SHAMBANI KWAKO

Ukiona michirizi, kwanza jiulize ni aina gani ya ndizi. Ikiwa ni Ng'ombe au Cavendish, usitafute virusi vilivyolala. Ugonjwa umetoka nje, kwa chipukizi lenye ugonjwa au kwa vidung'ata, wale wadudu weupe kama wamepakwa unga. Ikiwa ni sukari ndizi au gonja, njia zote mbili zinawezekana, na hakuna mtu anayeweza kujua kwa kutazama jani. Hiyo ni kazi ya maabara.

Usidanganyike mvua ikirudi na majani mapya yakatoka ya kijani safi. Michirizi hupotea kwa muda lakini virusi vimo, na chipukizi utakalompa dada yako akipeleke Borabu litaondoka navyo. Tofauti na mnyauko wa bakteria, ugonjwa huu hauenezwi na panga. Chimbua shina lote pamoja na watoto wake, na usipande wala kugawa chipukizi la shina hilo, hata kama linaonekana zuri namna gani.

Unaponunua miche, uliza jina la aina, si urefu wa mche na bei tu. Uliza mama yake alitolewa wapi na kama alipimwa virusi. Muuzaji asiyejua jina la anachouza, mwache. Kituo cha KALRO hapa Kisii na maofisa wa kilimo nyanjani wanaweza kukusaidia kuchagua. Kwa wenye sukari ndizi ambayo bado ni nzima, funikeni udongo kwa nyasi na majani makavu mapema, kabla ya kiangazi cha Januari kukausha shamba, ili migomba isiumie kwa kiu.