Ndege Dakika 50, Safari Saa Saba: Piga Hesabu Kabla ya Kulipia Tiketi

Bonasi ya majani chai ikiingia mwezi wa kumi, safari nyingi hupangwa huku Longisa. Kuna anayempeleka mgonjwa Nairobi, kuna anayesindikiza mtoto chuoni Mombasa. Ukifungua simu unaona tangazo: Kisumu hadi Nairobi, dakika 50 tu! Kabla ya kuweka PIN, hebu tupige hesabu.

Dakika 50 zinatoka wapi?

Kutoka Kisumu hadi uwanja wa Jomo Kenyatta ni takriban kilomita 280 angani. Ndege ingeweza kumaliza umbali huo kwa nusu saa hivi, lakini muda wa kwenye tiketi unahesabu pia kutembea kwenye lami, kupaa na kushuka. Haukuhesabu wewe ukiwa kwenye matatu.

Anza kuhesabu kutoka mlangoni kwako

Longisa hadi Kisumu kupitia Kericho ni zaidi ya kilomita 140, kama saa tatu na kitu. Ongeza saa mbili za kuripoti mapema, dakika 50 za angani, na saa moja ya kutoka uwanjani hadi mjini. Jumla ni kama saa saba. Matatu ya kupitia Narok inakufikisha Nairobi kwa saa nne au tano, kwa sababu ni zaidi kidogo tu ya kilomita 200. Kwenda Kisumu kwanza ni kuipa Nairobi mgongo, halafu kulipia kugeuka.

Mombasa ni hesabu nyingine. Kutoka Nairobi ni takriban kilomita 420 angani, kama saa moja. Basi huchukua saa nane hadi kumi, na treni ya SGR, iliyoanza 2017, kama saa tano au sita. Hapo ndege inaweza kukuokolea saa kadhaa ukilinganisha na basi, jambo linalofaa hasa ukiwa na mgonjwa au mzee. Panda matatu hadi Nairobi, kisha ndege.

Soma tiketi vizuri

Nairobi ina viwanja viwili vya abiria: Jomo Kenyatta na Wilson. Ukienda kusiko, msongamano wa magari hautakusubiri. Angalia saa pia: 08:00 kwenye tiketi ni saa mbili asubuhi, sio saa nane mchana. Na uzito wa mizigo je? Ile ndoo ya mursik na gunia la viazi huenda vikalipiwa zaidi.

Sasa lipa, lakini kwa makini

- Chukua namba ya malipo kwenye tovuti au programu ya shirika lenyewe, sio kwenye ujumbe uliotumiwa na "ajenti" usiyemjua.
- Soma jina linalotokea kabla ya kukamilisha malipo. Ukiona jina la mtu binafsi mahali pa jina la kampuni, simamisha.
- Usimpe mtu PIN yako, hata akisema anatoka kwetu.
- Hifadhi ujumbe wa malipo hadi urudi nyumbani.

Ukishajumlisha nauli ya matatu, tiketi, teksi na chakula cha njiani, ndipo utajua bei halisi ya zile dakika 50. Kama bado inakufaa, safari njema!