Jiko la Mkaa Halilali Hemani

Hapana. Wala mlangoni, wala kwa dakika kumi tu "mpaka hema lishike joto", wala chini ya kile kibaraza cha turubai mnapovulia viatu. Kila kipupwe kikikaribia, wazazi wakianza kupanga safari ya Ngorongoro, Lushoto au Naivasha, naulizwa jiko la mkaa likae upande gani wa hema. Likae nje, mbali, kule mnakopikia. Nimelijibu swali hili mpaka nimechoka, kwa hiyo leo nalijibu kwa kirefu ili lisirudi.

Baridi yenyewe siibishii. Kambi ya Simba, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, iko kwenye mita 2,300 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi kila unapopanda mita 1,000. Mtu wa Dar es Salaam aliyezoea kulala na shuka moja chini ya feni akifika pale Julai anajiona ameonewa. Ndipo anatokea shemeji mmoja mwenye uzoefu: "Mkaa ukishakolea hauna moshi, na usipokuwa na moshi hauna sumu. Uingizeni tu."

Shemeji kageuza mambo. Moshi una ustaarabu wake: unawasha macho, unakohoza watu, unawatoa nje. Kinachoua ni kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na mkaa uliokolea ndio unaoitengeneza kwa wingi. Hewa inaingia kwa chini, mkaa unaungua na kutoa kaboni dioksidi, nayo ikipanda kupitia mkaa mwekundu ulio juu inageuka kuwa kaboni monoksidi. Ule ulimi wa bluu unaocheza juu ya jiko ni gesi hiyohiyo ikiungua. Ulimi ukipotea, gesi haijaisha. Sasa inatoka bila kuungua, inaingia hewani mnayovuta. Majivu meupe nayo hayamaanishi kitu: yafukue uone wekundu uliojificha chini.

Ikishaingia mapafuni, inashikana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Watoto hupumua haraka kuliko wakubwa kwa uzito wa miili yao, hivyo inawawahi.

Kuna wanaoweka sufuria ya maji kando ya jiko "inyonye sumu". Gesi hii karibu haiyeyuki kabisa kwenye maji. Asubuhi mtakuwa na maji ya vuguvugu, kama mtaamka. Vitunguu vilivyokatwa na limau viacheni kwenye kachumbari.

Wengine wanaacha zipu wazi kidogo. Uzito wa kaboni monoksidi unakaribiana sana na wa hewa ya kawaida, kwa hiyo haitulii chini wala haikimbilii dirisha la juu. Inachanganyika na kuenea hema zima. Na ukifungua hema kiasi cha kuitoa yote, umetoa na joto. Sasa jiko limeingia kufanya nini?

"Tutalitoa kabla ya kulala." Kitambaa cha hema hakitunzi joto, dakika chache baada ya jiko kutoka, mmerudi palepale. Halafu atakayelitoa ni nani? Dalili za kwanza ni kichwa kuuma, kichefuchefu, miguu kulegea na usingizi mzito, na hizo zitampata hata baba aliyepewa zamu. Najua pia hoja ya mwisho, kwamba kwao Makete wameota moto wa jiko ndani tangu utotoni. Nyumba ile ina nafasi chini ya bati na mlango usiofunga vizuri, na hata hivyo habari za familia zilizokutwa zimekufa kando ya jiko hurudi kila msimu wa baridi. Jiko la gesi na la mafuta ya taa yamo kwenye katazo hilihili.

Mtu akiamka na kichwa kinauma na jiko lilikuwa ndani, toeni kila mtu nje, kisha hospitali, ambako kuna oksijeni. Maziwa hayasaidii, sumu iko kwenye damu, haiko tumboni. Msidanganywe na kile kipimo kinachobanwa kidoleni: kinaweza kusoma vizuri wakati mtu yuko hatarini. Kwa kuvuta hewa ya kawaida, gesi hii huchukua saa nne hadi tano kupungua kwa nusu tu.

Haya, joto la halali, tena la bei nafuu. Linaibwa na ardhi kuliko hewa, kwa hiyo mkiwa na mablanketi matatu, mawili yaende chini. Chini yake tandikeni mkeka au maboksi yaliyokunjuliwa, bora zaidi godoro jembamba la sponji. Turubai la chini ya hema lisichomoze pembeni, litakinga mvua na kuipeleka mgongoni mwenu. Slipingi begi nzuri zinapatikana kwenye mitumba. Kagueni zipu kwanza. Kuleni na mnywe cha moto usiku, vaeni nguo kavu za kulalia, soksi na kofia, kwa kuwa jasho la mchana ndilo linalowatetemesha saa tisa. Maji ya moto kwenye chupa ngumu yenye kifuniko kinachobana, ndani ya soksi, miguuni. Kwa mtoto mchanga msiweke. Msipige hema bondeni, hewa baridi hushukia huko, wala kwenye korongo kavu. Viingiza hewa vya hema viachwe wazi: yale matone ya alfajiri ni pumzi zenu, hema halivuji. Ndoo yenye mfuniko kwa haja za watoto, maana kwenye hifadhi hamtoki ovyo usiku.

Na magodoro ya kujaza upepo: ni laini, lakini hewa iliyomo huzunguka na kuwanyonya joto usiku kucha. Kama umeshanunua, tandika blanketi juu yake, chini yake halikufai kitu.