Gia Ikiruka, Anza na Waya



Mwenzetu mmoja wa mashamba ya chai, hapa pande za Fort Portal, alipewa barua ya onyo kwa kuchelewa kazini mara tatu katika mwezi mmoja. Siku hizo tatu alikatwa na mshahara pia. Tulipomwita tawini kumwuliza sababu, alijibu kwa aibu: "Katibu, ni gia ya baiskeli."

Asiyeijua njia yetu anaweza kucheka. Hapa ni nchi ya vilima, chini ya Ruwenzori. Baiskeli isiyo na gia hufaa mahali tambarare. Huku mtu hujinyima akanunua ya mtumba yenye gia sita au saba nyuma, ili apande mlima bila kushuka. Gia ikianza kuruka, anashuka na kusukuma, na zamu haimngojei.

Fundi alikuwa amemwambia gia imekufa, anunue nyingine nzima. Jumapili nilikwenda kwake na koleo na bisibisi. Gia haikuwa imekufa. Waya wake ulikuwa umeshika kutu ndani ya ganda lake. Tulinunua waya na ganda jipya, tukafanya kazi ya saa moja chini ya mparachichi, ikaisha.

Ndiyo sababu ninaandika. Kazi hii kila mwenye baiskeli ya gia anaweza kuifanya nyumbani, mradi afuate utaratibu. Tafuta bisibisi ndogo, koleo, alenki ya milimita 5 (gia za zamani hutaka spana), mafuta ya mashine na tambara. Ining'inize baiskeli kwenye tawi la mti kwa kamba, gurudumu la nyuma lizunguke bila kugusa chini.

KWANZA: TAZAMA

Simama nyuma ya baiskeli. Kuna mkono unaoning'inia kando ya gurudumu, wenye vigurudumu viwili vidogo vya kupitisha mnyororo. Tuuite mkono wa gia. Vigurudumu hivyo viwe wima, mstari mmoja na spoketi. Vikiinama kuelekea kwenye spoku, basi yawezekana baiskeli iliwahi kuanguka upande wa kulia na kipande kinachoushika mkono kimepinda. Hapo usiguse skrubu yoyote. Kipande kinyoshwe kwanza, ama sivyo utarekebisha mpaka jioni bila faida.

Halafu pima mnyororo kwa rula ya inchi 12. Weka mwanzo wa rula katikati ya pini moja. Kwa mnyororo mzima, inchi ya 12 huangukia katikati ya pini nyingine. Pini hiyo ikiwa imepita kwa sehemu moja ya 16 ya inchi, badili mnyororo. Ikiwa imepita kwa sehemu moja ya 8, huenda spoketi nazo zimeliwa, na mnyororo mpya utaruka juu yake hata waya ukiwa sawa.

PILI: WAYA

Peleka gia kwenye spoketi ndogo kabisa, kisha legeza nati na utoe waya. Ukiwa na nyuzi zilizokatika, utupe. Ukiwa unakwama ndani ya ganda, safisha na utie mafuta. Ukiona kutu, badili waya na ganda vyote viwili.

TATU: SKRUBU MBILI

Kwenye mkono wa gia kuna skrubu mbili ndogo, mara nyingi zina herufi H na L. Hizi ni kama ukuta. H huzuia mnyororo usianguke nje ya spoketi ndogo. L huuzuia usipite spoketi kubwa ukaingia kwenye spoku. Wengi wetu gia ikiruka hukimbilia kuzizungusha, na hapo ndipo huharibu.

Waya ukiwa bado umetolewa, rekebisha H mpaka kigurudumu cha juu kikae chini ya spoketi ndogo sawasawa. Kisha mmoja azungushe pedali polepole, na mwingine ausukume mkono wa gia mpaka mnyororo upande spoketi kubwa. Vidole visikaribie mnyororo. Kaza L mpaka mkono usiweze kupita hapo.

Nasema haya kwa kuwa yamenikuta. Niliwahi kulegeza L kwa kubahatisha. Mlimani mkono wa gia ukaingia kwenye spoku, zikakatika nne, nami nikaanguka. Mkutanoni nilifika kwa miguu, goti linatoka damu.

NNE: KAZA, SIKILIZA

Mahali waya unapoingia kwenye mkono wa gia pana kizungushio cha kushika kwa vidole. Kirudishe ndani chote, halafu kitoe mzunguko mmoja. Vuta waya kwa koleo usilegee, kaza nati.

Sasa zungusha pedali na ubonyeze swichi ya gia mara moja. Mnyororo ukikataa kupanda spoketi ya pili, waya umelegea. Ukiwa umesimama nyuma ya baiskeli, zungusha kizungushio kinyume cha mwendo wa saa, nusu mzunguko tu, ujaribu tena. Mnyororo ukirukia spoketi ya tatu, waya umekaza mno. Zungusha kwa kufuata saa, nusu mzunguko. Ukisikia mnyororo umenyamaza kwenye kila gia, acha. Jaribu kwenye kilima kifupi kabla ya siku ya kazi.

Mwenzetu hajachelewa tangu Jumapili ile. Barua ya onyo ingali katika faili yake, nasi bado tunadai iondolewe. Usafiri wa wafanyakazi wanaokaa mbali nao umo katika madai yetu, na baiskeli nzima haulifuti dai hilo. Ila tusiwape sababu ya kutukata mshahara kwa ajili ya waya mmoja.

Tawi letu limenunua koleo, alenki na waya mbili za akiba. Vinakaa kwa mtunza hazina. Mwanachama huazima na kurudisha, na akitumia waya hulipa bei ya dukani. Matawi mengine nayo yaweke vifaa hivi.