Siku Moja katika Mashamba ya Karafuu, Unguja

Wengi wenu mmekula pilau siku ya arusi au ya Noeli, na katikati ya wali mkatafuna kitu kidogo, kigumu, cheusi, chenye kichwa kama msumari, mkakunja uso kwa ukali wake. Hiyo ndiyo karafuu. Mama zetu huinunua sokoni kwa kijiko, na mwenye kuumwa na jino huiuma mpaka maumivu yapoe. Lakini ni wangapi kati yetu waliopata kuuona mti wake? Sisi hatukuwa tumeuona. Kwa hiyo, tulipopata siku moja ya nafasi katika kisiwa cha Unguja, tuliazimia kuitumia yote mashambani.

Asubuhi tulisikia Misa katika kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ambalo minara yake miwili huonekana toka baharini. Kisha tukapanda daladala, maana ndivyo wanavyoziita motokari za abiria huko, tukauacha Mji Mkongwe na vichochoro vyake, tukashika njia ya Kizimbani. Safari si ndefu, kilomita 15 hivi. Minazi ikaanza kusongamana pande zote mbili, udongo ukawa mwekundu, na upepo ukatuletea harufu ambayo mmoja wetu aliilinganisha na duka la dawa.

Mwenyeji wetu alikuwa mzee aliyepita miaka sabini, Mwislamu mwenye kofia ya kushona kwa mkono, na mjukuu wake, kijana mwepesi ambaye kazi yake ni kuwatembeza wageni.

«Shikamoo, Mzee,» tukasema.

«Marahaba, wanangu. Karibuni shamba.»

Shamba lake ni eka tatu. Kumbukeni kipimo hicho, maana kina historia. Baada ya mapinduzi ya Januari 1964 serikali ya Zanzibar iliyatwaa mashamba makubwa ya matajiri, ikayagawa eka tatu tatu kwa watu wasiokuwa na ardhi. Baba yake mzee huyu alikuwa mmoja wao. Mpaka leo, mtu wa Unguja akisema «nina eka tatu», wenzake wanajua mara moja ametoka wapi.

Kijana alitufundisha kwa mchezo. Alichuma jani, akalifikicha, akatuambia tufumbe macho na kunusa. Jani la kwanza tulilitambua wote: mchaichai, ambao kwetu pia hutiwa katika chai. La pili lilikuwa la mdalasini. Alitufukulia na mzizi wake kidogo, na ajabu! Ganda la mti lanukia kama maandazi ya sikukuu, lakini mzizi wa mti ule ule wanuka kafuri, kama dawa ya kusugua kifua cha mwenye mafua. Iliki tuliitafuta juu katika matawi, kijana akacheka, maana vitumba vyake hukaa chini kabisa, karibu na udongo, kama vimefichwa. Pilipili manga hupanda juu ya miti kwa kujizungusha. Punje zake zikianikwa na ganda huwa nyeusi, zikimenywa huwa nyeupe, nasi tulikuwa tukidhani ni mimea miwili. Akapasua tunda la manjano, lenye umbo la pera. Ndani mlikuwa na kokwa nyeusi iliyovikwa wavu mwekundu unaong'aa kama rangi ya midomo. Kokwa ni kungumanga, na ule wavu ni basibasi. Vitu viwili, bei mbili, tunda moja. Wanawake wa Unguja huikwaruza kungumanga kidogo katika uji. Kidogo tu, alituonya mzee, kwani ikizidi humlevya mtu na kumtapisha.

Kisha tukafika kwenye vanila. Ndugu zetu wa Beni na Butembo wanaijua vizuri, maana wanailima. Kwa wengine tuseme hivi: ni mmea utambaao juu ya mti, wenye maua ya rangi ya kijani iliyofifia na maganda marefu mfano wa maharagwe, ambayo hutoa harufu tamu ya keki. Kwao hasa ni Meksiko, na huko nyuki wa nchi ile ndio wanaochukua ungaunga wa ua na kuupeleka panapotakiwa. Wazungu walipoipanda vanila katika visiwa vya Bahari ya Hindi, ilikua vizuri, ikachanua, isizae. Wataalamu walihangaika. Aliyepata njia ya kuizalisha kwa urahisi si mtaalamu, bali mtoto mtumwa wa kisiwa cha Réunion, jina lake Edmond, yatima aliyefiwa na mama tangu kuzaliwa. Mwaka 1841, akiwa na miaka 12, alichukua kijiti, akainua kijingozi kidogo kilicho ndani ya ua, akabana kwa kidole gumba, na ungaunga ukaingia mahali pake. Basi! Kijana wetu alitufanyia kitendo hicho kwa mwiba wa mchungwa, kikaisha kabla hatujahesabu tano. Ua hufunguka siku moja tu. Mkulima asipolishughulikia asubuhi ile, limekwisha. Duniani kote, kila penye shamba la vanila pasipo na nyuki wale, mikono ya watu inarudia bado alichofanya mtoto yule. Naye je? Alipata uhuru mwaka 1848, pamoja na watumwa wote wa kisiwa kile, akapewa jina la ukoo, Albius. Mali iliyotoka katika ufundi wake ilikwenda kwa wengine. Alikufa maskini mwaka 1880. Enyi wanafunzi, jina hili mliandike katika madaftari yenu.

Jua lilipokuwa kali tuliketi juu ya majamvi, tukaletewa matunda: nanasi, balungi, stafeli lenye nyama nyeupe kama pamba, na mashokishoki, matunda mekundu yenye manyoya ambayo hatukuthubutu kuyagusa mpaka tulipoonyeshwa. Kijana mwingine alifunga kamba miguuni, akapanda mnazi huku akiimba, akatuangushia madafu. Maji ya dafu yalituburudisha kuliko kinywaji cho chote cha chupa. Doriani tulilikosa, si msimu wake. Wenyeji wanasema ladha yake ni ya mbinguni na harufu yake ya jalalani. Mmoja wetu alishukuru kimoyomoyo.

Baadaye mzee mwenyewe akasimama, akatuongoza kwenye mikarafuu.

Ni miti mirefu, iliyonyoka, yenye majani ya kung'aa ambayo hayapukutiki. Mingine huishi zaidi ya miaka mia. Tunayoila si tunda wala mbegu, bali ni ua ambalo halijafunguka. Huchumwa linapoanza kugeuka rangi kuwa la waridi. Likichelewa likachanua, thamani imepotea. Kwa hiyo karafuu zikiiva hakuna kungoja, na watu wa kijiji kizima huitwa. Mchumaji hupanda juu kabisa, huvuta matawi kwa kamba na kukata vishada kwa mkono. Matawi ya mkarafuu hukatika kwa urahisi. Mzee alitunyoshea mkono wake wa kushoto, uliopinda katika kiwiko. «Mkarafuu huu,» akasema, bila chuki, akiupiga mti kofi kama mtu apigavyo ng'ombe wake.

Vikishafika chini, vishada huchambuliwa. Kazi hii hufanywa jioni na mama na watoto, wakikaa duara na kuzungumza: karafuu huku, makonyo kule. Makonyo ni vile vikonyo, navyo havitupwi. Huko Pemba kuna kiwanda kinachoyachemsha na kutoa mafuta. Karafuu huanikwa juani siku kadha, hugeuzwa, huingizwa haraka mvua ikitisha, maana zikilowa zinaharibika. Kilo tatu mbichi hutoa kilo moja kavu. Hesabuni wenyewe ni mara ngapi mchumaji apande ili gunia moja lijae.

Mkarafuu si mwenyeji wa Unguja. Kwao ni visiwa vya Maluku, katika Indonesia. Waholanzi waliulinda kwa wivu mkubwa, lakini Wafaransa waliiba miche, wakaipanda Mauritius na Réunion, na mwanzoni mwa karne ya 19 ukaletwa Unguja. Husimuliwa kwamba aliyeuleta ni tajiri Mwarabu, Saleh bin Haramil, aliyekuwa na shamba hapa hapa Kizimbani. Sultani Seyyid Said alipoona faida yake alihimiza kila mwenye ardhi aupande, naye mwenyewe akahamishia makao yake Unguja, yapata mwaka 1840. Kisiwa kikafunikwa na mikarafuu. Tufani ya mwaka 1872 iliing'oa mingi sana, na tangu hapo Pemba ndiyo yenye karafuu nyingi kupita Unguja.

Lakini nani aliyefyeka, aliyepanda, aliyechuma? Hapo ndipo mzee alipotuuliza:

«Nyinyi mwatoka bara gani?»

«Kongo, Mzee. Upande wa mashariki.»

Akanyamaza kidogo. «Mama wa babu yangu alikuwa Mmanyema. Aliletwa msichana mdogo. Alizoea kusema habari za mto mkubwa, Lualaba, usioonekana mwisho wake kwa mtoto. Sisi tulidhani ni hadithi ya kulalia. Mto huo upo?»

Tukamwambia upo. Tukamweleza jinsi tulivyouvuka kwa mtumbwi, upana wake, rangi ya maji yake wakati wa mvua, na mji wa Kindu ulio kando yake. Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayelipwa deni la zamani.

Wasomaji wetu wa Kasongo na Nyangwe hawahitaji kufundishwa mambo haya. Mababu walisimulia misafara ya pembe za ndovu na ya watu. Yule Hamed bin Muhammed aliyeitwa Tippu Tip, aliyetawala Kasongo na ambaye Mfalme Leopold alimfanya liwali wa Stanley Falls mwaka 1887, alirudi kwao Unguja uzeeni, akafa mwaka 1905. Nyumba yake ipo bado mjini. Ilisemekana kwamba alikuwa na mashamba saba na watumwa elfu kumi. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini mashambani utumwa uliendelea, na sheria haikuuondoa mpaka mwaka 1897. Sisi tuliokuwa tukicheza mchezo wa kunusa majani asubuhi ile, tuliiangalia miti ile kwa macho mengine.

Tena kuna jambo ambalo hatukulitazamia. Kutoka Réunion, kisiwa cha karafuu na cha mtoto Edmond, ndiko walikotoka pia mapadri wa kwanza wa Unguja katika karne ile. Siku chache kabla ya Noeli ya mwaka 1860 alifika Padri Armand Fava pamoja na mapadri wenzake na masista Mabinti wa Maria, wakaanza kuwatunza wagonjwa na kuwakomboa watoto watumwa. Mapadri wa Roho Mtakatifu waliipokea kazi hiyo, na mwaka 1868 wakafungua misioni ya Bagamoyo, ng'ambo ya pili. Kutoka Bagamoyo, mwaka 1878, Mapadri Weupe walianza safari ya miguu kuelekea Tanganyika, na mwaka 1885 walikuwa wamekwisha kupokea Mpala, katika nchi yetu. Njia waliyopita ni ile ile ya misafara. Waliokuwa wakishuka pwani kwa minyororo walikutana nao wakipanda.

Tulimuuliza mzee kama karafuu inamlisha. Alijibu kwamba mti huu hauna tabia nzuri: mwaka mmoja huzaa mpaka matawi yainame, miaka inayofuata hutoa kidogo tu. Zaidi ya hayo, karafuu yote hununuliwa na shirika la serikali, na mtu binafsi haruhusiwi kuifanyia biashara. Kwa muda mrefu mkulima alipata sehemu ndogo sana ya bei ya ulimwengu, na watu wa Pemba walivusha magunia usiku kwa mashua mpaka Kenya, wengine wakakamatwa. Tangu mwaka 2011 sehemu ya mkulima imeongezwa sana, akasema, na wengi wamepanda miche mipya. Tulipomweleza kwamba kwetu pia, katika ziwa Kivu, watu wa Idjwi walivusha kahawa usiku kwa mitumbwi kwenda kuiuza Rwanda, na kwamba wengi walizama wakaacha wajane, aliweka kikombe chini. Kahawa na karafuu, huko na huku, bei ndogo humsukuma mtu majini gizani. Hatuwasifu wavushaji, lakini anayepanga bei akiwa ofisini naye ajiulize.

Chakula cha mchana kilikuwa wali wa nazi, samaki wa mchuzi, na kachumbari. Tulifanya ishara ya msalaba, wenyeji wakasema Bismillahi, tukala sahani moja kwa mikono. Hatukumbuki kula vizuri hivyo tangu tuondoke nyumbani.

Jioni, tulipotaka kulipia viungo, mzee alipokea fedha za mdalasini na za vanila, lakini akakataa za karafuu. Alizifunga katika kipande cha gazeti, kadiri ya konzi mbili. «Hizi ni za watu wa ule mto,» akasema.

Zilinukisha nguo zetu zote mpaka Kindu. Mama mpishi wa parokia alizitia chache katika chai ya Jumapili, baada ya Misa ya pili, na zilizobaki amezihifadhi katika kopo la maziwa juu ya rafu.