Daftari la Safari ya Ng'ambo

Ziko jamaa ambazo karibuni zitavuka bahari pamoja na watoto wao. Wengine wanakwenda kumtazama ndugu afanyaye kazi ng'ambo, wengine kwa masomo, wengine kwa matembezi tu. Nyumbani mwao matengenezo yamekwisha anza. Pasipoti zinatafutwa, nguo za baridi zinaazimwa, zawadi zinafungwa. Walakini kitu kimoja cha bei ndogo aghalabu husahauliwa, nacho ni daftari. Wazee walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Na safari ni mali, tena mali ya gharama kubwa. Jamaa wakirudi bila kuandika neno, baada ya mwaka mmoja watoto watakumbuka ndege na baridi basi, na bibi aliyebaki kijijini hatapata fungu lake hata kidogo.

Huenda mtu akasema, "Mimi si mtungaji, nitaandika nini?" Ndugu yangu, hakuna mtungaji apewaye hadithi nzima njiani kama mtu apewavyo mzigo. Yeye huokota vipande vidogo vidogo, kisha huviunga. Kwa hiyo kazi yaanza nyumbani, kabla ya kuondoka. Jioni moja kila mmoja, mkubwa kwa mdogo, na aandike jinsi anavyoudhani mji ule waendao: nyumba zake zikoje, watu wake huamkianaje, chakula chake kina ladha gani. Karatasi hizo zifungwe pamoja, zisisomwe mpaka siku ya kurudi. Maana pale mtu alipodhani hivi akaona vile, ndipo hadithi ilipo. Mtoto aliyedhani ya kuwa Ulaya hakuna maskini, kisha akamwona mzee akiomba kando ya barabara, amekwisha pata mwanzo wa hadithi, wala hakuna mwalimu awezaye kumpa ulio bora kuliko huo.

Tunao waliotutangulia katika kazi hii. Mwaka 1902 Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda, alikwenda Uingereza kwa ajili ya kutawazwa kwake Mfalme Edward wa 7. Alifuatana na mwandishi wake, Ham Mukasa. Mukasa aliandika habari za safari ile kwa Kiganda, lugha ya watu wake, na mwaka 1904 ikatoka tafsiri yake kwa Kiingereza. Tena Salim bin Abakari alifuatana na bwana Mjerumani mpaka Urusi na Siberia, na habari zake kwa Kiswahili zikapigwa chapa mwaka 1901 katika kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli. Angalieni, hakuna kati ya hao wawili aliyekuwa mkuu wa safari. Mkuu alikuwa mwingine. Walakini leo twaziona safari zile kwa macho yao, kwa kuwa wao ndio walioshika kalamu. Hivyo baba asidhani ya kuwa daftari ni lake peke yake. Pengine macho yaliyo bora nyumbani mwake ni ya mtoto wa miaka minane.

Tena msiogope siku mbaya. Mwaka 1881 mtungaji Robert Louis Stevenson alikwenda kupumzika pamoja na jamaa zake huko Braemar, kijiji cha milimani katika Uskoti. Baridi na mvua zikawafungia ndani. Lloyd, mtoto wa mkewe, kijana wa miaka 13, alikuwa akijifurahisha kwa rangi, na katika nyumba ile ikachorwa ramani ya kisiwa kisichokuwako duniani. Kutoka katika ramani hiyo Stevenson akaanza kutunga, karibu sura moja kila siku, akiwasomea jamaa aliyoyaandika. Baba yake, aliyekuwa mjenzi wa minara ya taa za baharini, akapendezwa kama mtoto, akaandika mwenyewe orodha ya vitu vilivyomo katika sanduku la baharia mmoja wa hadithi. Baada ya sura 15 hivi maneno yakamwishia. Akayapata tena ng'ambo, huko Davos katika Uswisi, alikokwenda kukaa wakati wa baridi kwa ajili ya ugonjwa wa kifua. Kitabu kikatoka mwaka 1883, nasi twakijua kwa Kiswahili kwa jina la Kisiwa chenye Hazina. Walakini ramani ile ya kwanza ilipotea ilipopelekwa kwa wapiga chapa, ikabidi kuchorwa upya. Basi, mliyoyaandika yawekeni nakala.

Sasa, njia ya kufanya ni hii. Kila jioni, kabla ya kulala, andikeni mistari kumi, isizidi. Jambo moja lililoonekana, neno moja lililosikiwa, harufu moja, na jambo moja lililokuwa kinyume cha mlivyodhani. Majumba makubwa yaacheni, maana picha zake zimejaa kila mahali. Andikeni jinsi mama alivyonunua chumvi akidhani ni sukari, na jinsi jirani asiyejua lugha yenu alivyowaonyesha njia kwa mikono. Mtoto akikosea herufi, msimcheke. Akichekwa leo, kesho hataandika.

Tena iko adabu. Mgeni hali ugali wa watu kisha akawatukana. Desturi msiyoielewa iulizeni kwanza sababu yake, ndipo muiandike. Na siri mliyoisikia katika nyumba iliyowakaribisha isiingie daftarini. Mkitaka kuifanya hadithi, badilini jina, mji na kazi ya mtu, asije akajulikana akaaibika.

Mkisha rudi, zifungueni zile karatasi za kwanza, mzisome pamoja na daftari. Kisha kila mmoja achague kipande kimoja tu akitunge vizuri, kikasomwe mbele ya bibi na jirani ambao hawakupata nafasi ya kwenda. Msomaji akinyamaza katikati, na bibi akauliza, "Hata ikawaje?" basi jueni ya kuwa naye amesafiri.