Mchezo wa Uwanda: Habari za Steve Tikolo

Kwetu Lushoto, ambako kila konde limeinama na mpira wa watoto ukishapigwa kwa nguvu hauokotwi ila bondeni, kriketi ni mchezo wa kusikiwa zaidi kuliko wa kuchezwa. Hata hivyo habari za Steve Tikolo, mchezaji wa kriketi wa Kenya, mzaliwa wa Nairobi wa mwaka 1971, zastahili kusimuliwa hata huku Usambara.

Ama mchezo wenyewe, kwa asiyeujua, ni wa watu kumi na mmoja kila upande: mrushaji huutupa mpira mgumu kusudi aangushe vijiti vitatu vilivyosimamishwa, naye mpigaji huvilinda kwa gongo lake, na akipata nafasi hukimbia baina ya ncha mbili, kila mkimbio ukihesabiwa.

Kabla ya Tikolo, mwaka 1975, timu ya Afrika Mashariki, iliyochanganya wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, ilikwenda kwenye Kombe la Dunia Uingereza ikafungwa mechi zake zote tatu. Mlango ukafunguka tena mwaka 1994 mjini Nairobi, mataifa madogo yaliposhindania nafasi tatu za Kombe la 1996: Falme za Kiarabu wakatangulia, Kenya wakafuata, na Uholanzi wakashika ya tatu.

Katika Kombe hilo la 1996, tarehe 29 Februari mjini Pune, Kenya walipata mikimbio 166 tu, lakini West Indies, mabingwa wa zamani, wakaishia 93. Siku chache baadaye, Sri Lanka walipowalundikia Wakenya mikimbio 398 huko Kandy, Tikolo alijibu kwa 96, akabakisha minne kutimiza mia.

Mwaka 2003 akiwa nahodha, aliifikisha Kenya nusu fainali ya Kombe la Dunia. Wapo wasemao ni bahati, kwa kuwa New Zealand walikataa kuja Nairobi wakapoteza alama. Nami siafiki, kwani Sri Lanka walikuja, wakafungwa papo hapo.

Alicheza Makombe matano, hadi 2011. Kisha akawa mwalimu: alifundisha Uganda, halafu akateremka kuifundisha timu ya taifa ya Tanzania.