Subaru imefika bandarini: namna ya kulinda rangi yake kwenye jua na chumvi ya pwani

Wasikilizaji wetu kadhaa wa Tanga na maeneo ya jirani wametuuliza swali linalofanana. Mtu ameweka akiba kwa miaka, ameagiza gari la michezo kutoka Japani, mara nyingi Subaru Impreza WRX au Toyota 86, na sasa anaambiwa kwamba bila kulipia "seramiki" rangi itaharibika ndani ya muda mfupi. Je, ni kweli? Na kama fedha zilizobaki ni chache, aanze na nini?

Jibu fupi ni kwamba seramiki ina faida zake, lakini siyo jambo la kwanza. Rangi nyingi huharibiwa na namna gari linavyooshwa, na kurekebisha hilo hakuhitaji fedha nyingi. Katika makala haya tunaeleza rangi ya gari imejengwaje, nini kinaiharibu hapa kwetu pwani, na kila aina ya kinga inafanya kazi gani.

Rangi ni nyembamba kuliko unavyodhani

Ukitazama boneti unaona rangi moja, lakini kuna matabaka manne. Chini kabisa, juu ya bati, kuna tabaka la kuzuia kutu. Juu yake kuna praima, kisha rangi yenyewe, na mwisho tabaka lisilo na rangi ambalo mafundi huliita klia. Klia ndiyo inayong'aa, na ndiyo inayopokea jua, vumbi na mikwaruzo ya kila siku.

Matabaka yote manne kwa pamoja huwa na unene wa mikroni 100 hadi 150 hivi. Milimita moja ni mikroni 1,000. Klia peke yake ni kama mikroni 40 hadi 50, yaani inakaribiana na unywele mmoja wa kichwani. Ndani yake kuna kemikali zinazozuia miale mikali ya jua isifike kwenye rangi iliyo chini.

Kila fundi anapopiga polishi ya mashine ili kuondoa mikwaruzo, kinachotokea ni kwamba anakula sehemu ya klia mpaka mkwaruzo utoweke. Gari linang'aa kweli, lakini klia imepungua na haikui tena. Ikibaki nyembamba mno, jua huimaliza, na ndipo tunapoona magari yenye mabaka meupe yanayobabuka juu ya paa na boneti. Hapo hakuna dawa ya kupaka. Ni msasa na kupiga rangi upya.

Nini kinaharibu rangi hapa kwetu

Jua tunalijua. Tanga iko takriban nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na gari linaloshinda nje linapigwa karibu mwaka mzima. Chumvi inayobebwa na upepo wa bahari haili klia moja kwa moja, lakini palipo na alama ya jiwe iliyofika kwenye bati, chumvi hiyo huharakisha kutu.

Kunguru nao wana sehemu yao. Kinyesi cha ndege kina tindikali, na juani boneti hupata moto na klia kulainika. Kinyesi kikikaukia hapo, kinaacha alama iliyozama ambayo haitoki kwa maji. Utomvu wa miti, na ule unatonata unaodondoka kutoka kwenye miembe yenye wadudu, hufanya vivyo hivyo. Kivuli cha mwembe ni kizuri kwa dereva kuliko kwa rangi.

Maji ya kisima ni adui ambaye wengi hawamfikirii. Visima vingi vya pwani vina maji ya chumvichumvi na madini. Yakikaukia juu ya gari, maji yanaondoka na madini yanabaki kama madoa meupe ya duara. Yakiwa mapya, siki nyeupe iliyochanganywa na maji huyaondoa, mradi bodi iwe imepoa na usuuze vizuri baadaye.

Gari la michezo lina tatizo lake la ziada. Liko chini, na matairi yake ni mapana. Kokoto zinazorushwa na malori ya barabara ya Segera hupiga bampa na boneti, na zile zinazorushwa na matairi yako mwenyewe hupiga chini ya milango na ubavu wa nyuma. Subaru ilijijengea jina kwenye mashindano ya aina hiyo ya njia: ilitwaa ubingwa wa dunia wa watengenezaji mwaka 1995, 1996 na 1997, na mwaka huo wa 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally nchini Kenya akiendesha Impreza. Lakini gari la mashindano lina timu ya mafundi wanaolitengeneza baada ya kila safari. Lako halina.

Kitambaa ndicho kinachokwaruza

Simama na gari jeusi au la bluu juani, ulitazame kwa upande. Ukiona mikwaruzo midogo ya mviringo kama utando wa buibui, hiyo haikuletwa na barabara. Imeletwa na kuoshwa.

Mchanga wa barabarani ni mgumu kuliko klia. Kitambaa kikitumika kwenye magari kumi mfululizo na kusuuzwa kwenye ndoo ileile, kinakuwa msasa. Hatusemi hivyo kuwalaumu vijana wanaoosha magari, kwani wanafanya kazi kwa vifaa walivyonavyo na kwa bei tunayowalipa. Njia rahisi ni kwenda na vifaa vyako, kumwonyesha kijana unavyotaka, na kumlipa zaidi kidogo kwa muda wake.

Utaratibu wenyewe ni huu:

1. Osha kivulini, bodi ikiwa imepoa.
2. Anza kwa kumwagia maji mengi ili vumbi na mchanga vitoke kabla kitambaa hakijagusa rangi. Ukitumia mashine ya presha, usiikaribishe sana kwenye bodi.
3. Tumia ndoo mbili: moja ya sabuni, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa kila mara kabla ya kukirudisha kwenye sabuni.
4. Tumia shampuu ya magari. Sabuni ya unga na ya vyombo huondoa nta yote uliyopaka.
5. Anza na paa, malizia na sehemu za chini. Rimu ziwe na sponji yake, isiguse bodi kabisa.
6. Kausha kwa kitambaa safi na laini cha maikrofaiba. Usiache maji yakauke yenyewe.

Mambo mawili ya kuacha: kupangusa vumbi kavu kwa kitambaa asubuhi kabla ya kwenda kazini, na kupaka mafuta ya taa au dizeli ili gari ling'ae. Mafuta hayo hunasa vumbi na kuharibu mipira ya milango. Turubai la kufunikia gari nalo lina masharti. Ukilivika juu ya gari lenye vumbi, upepo wa kusi utalisugulisha kwenye rangi usiku kucha.

Nta, seramiki au plastiki?

Kinga zinazouzwa ni za aina tatu, na kila moja ina kazi yake.

Nta ndiyo ya bei nafuu. Ile maarufu zaidi hutokana na majani ya mti wa Brazili wa jamii ya minazi uitwao karnauba. Huyafanya maji yateleze na hukupa muda wa kuondoa kinyesi cha ndege kabla hakijazama. Kwa joto letu haidumu. Tarajia kurudia kila baada ya wiki kadhaa.

Seramiki ni kimiminika chenye silika kinachoshikana na klia na kuwa kigumu. Hudumu muda mrefu kuliko nta, huzuia kemikali vizuri zaidi, na gari huoshwa kwa urahisi. Lakini unene wake ni mikroni chache tu, hivyo haizuii jiwe. Ukisikia muuzaji akisema ni "9H", fahamu kwamba hicho ni kipimo cha ugumu wa risasi za penseli, si cha almasi. Na kwa kuwa seramiki hufunga kila kilicho chini yake, rangi lazima isafishwe na kurekebishwa kwanza. Anayekuahidi kumaliza gari zima kwa saa moja, huenda anakupaka nta ya kawaida kwa bei ya seramiki.

Plastiki ya kulinda rangi ndiyo pekee inayopunguza nguvu ya kokoto. Ni karatasi angavu ya poliyurithani yenye unene wa mikroni 150 hadi 200, zaidi ya rangi yote ya kiwandani. Asili yake ni plastiki iliyotumika kulinda mapanga ya helikopta za kijeshi za Marekani wakati wa vita vya Vietnam. Ni ghali, lakini si lazima kufunika gari zima: bampa ya mbele, sehemu ya mbele ya boneti, vioo vya pembeni na chini ya milango hubeba sehemu kubwa ya mapigo.

Kabla ya kulipa chochote

Kwa wengi wetu gari jipya ni jipya kwetu tu. Limeshatembea Japani kwa miaka. Kagua kama limewahi kupigwa rangi. Tazama mipaka ya mipira na taa kama kuna rangi iliyovuka, na linganisha rangi ya milango na mabawa. Wengine hutumia sumaku kutafuta puti, lakini boneti za WRX na Toyota 86 ni za alumini, hivyo sumaku kutoshika hapo hakumaanishi umeibiwa. Sehemu iliyopigwa rangi karibuni iache wiki kadhaa ikauke kabisa kabla ya nta, seramiki au plastiki.

Kama bajeti ni ndogo, ushauri wetu ni utaratibu huu. Kwanza nunua ndoo mbili, shampuu na vitambaa. Pili, weka plastiki sehemu za mbele kama unasafiri mara kwa mara. Tatu ndiyo nta au seramiki, kadiri ya uwezo. Polishi ya mashine iwe mara chache sana, na kwa fundi mwenye kifaa cha kupima unene wa rangi.

Alama ya jiwe ikitokea, usiiache ipite msimu wa mvua. Tafuta namba ya rangi kwenye kibati cha maelezo ya gari, pata kichupa kidogo cha rangi hiyo, safisha, kausha, kisha dondoshea kwa ncha ya kijiti. Alama itaonekana ukiangalia kwa karibu, lakini kutu haitapata pa kuanzia.

Kama una swali kuhusu gari lako, litume kwenye kipindi, nasi tutamuuliza fundi kwa niaba yako.